Mkwe Aliyeitwa Daktari

Ukweni walimwita Daktari, naye hakuwahi kuwasahihisha. Siku za posa alijaribu kidogo kueleza kwamba yeye ni mpiga picha za ultrasaundi tu, kwamba kazi yake ni kukitembeza kifaa juu ya tumbo la mtu na kuandika anachokiona, na kwamba mwenye kusoma na kuamua ni daktari bingwa. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia dada yake aliyekuwa akipita na sinia la vikombe, akasema, "Huyu ndiye daktari wetu." Jina likamkaa. Miaka ikapita, akalizoea, na hata shemeji zake walipompigia simu kuhusu mtoto mwenye homa, alikuwa akisafisha koo kwanza, kisha anaanza kushauri. Nasi tutamwita Daktari vilevile, maana ndilo jina lililomponza.

Kazini walimwita Mkuu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha ultrasaundi. Chumba chenyewe kilikuwa na pazia zito, kitanda kilichochanika ngozi upande wa miguuni, na karatasi za kujifutia ambazo ziliisha kila siku kabla ya wagonjwa kwisha. Mwenzake humo ndani alikuwa binti mmoja mwembamba, hodari, ambaye hakuweza kulipitisha jambo bila kuliuliza. Kwa nini mgonjwa alalie ubavu wa kushoto, kwa nini kipimo cha jana hakilingani na cha leo. Daktari ndiye aliyempachika jina la Maswali. Ulikuwa utani, lakini utani wenye ncha, na hospitali nzima ikaudaka.

Mashine mpya ilipoletwa, alikuja nayo mama mmoja mkufunzi, mchangamfu, mwenye sauti ya kufundishia uwanjani. Aliwafundisha upimaji wa viputo. Mgonjwa, alisema, anachomwa mkononi sindano yenye viputo vya hewa, vidogo hata kuliko chembe za damu, navyo vinasafiri na damu popote iendapo. Kazi ni kuviona, kwa sababu nyama ya mwili nayo inarudisha mwangwi, tena mwangwi mkubwa unaovimeza. Kwa hiyo mashine hupiga mara mbili mfululizo, na mpigo wa pili ni kinyume kamili cha wa kwanza. Pale wa kwanza unaposukuma, wa pili unavuta. Nyama huijibu mipigo yote miwili kwa mtindo uleule, hivyo majibu yake nayo huwa kinyume, na yakijumlishwa yanafutana, na mahali pake panabaki peusi. Kiputo hakijibu hivyo. Kukivimbisha ni rahisi, kukibana ni kazi, kwa hiyo jibu lake la kwanza haliwi kinyume cha jibu lake la pili, na yakijumlishwa kuna kitu kinabaki. Hicho kinachobaki ndicho kinachong'aa kwenye skrini, damu peke yake bila nyama.

"Ni kama kumuuliza mtu swali lilelile kwa kuligeuza," mama mkufunzi alisema. "Anayejibu sawasawa tunamwacha. Anayejikanyaga ndiye tunayemtaka."

Watu walicheka, na Daktari alicheka kuliko wote. Somo la nguvu ya mpigo lilipoanza, simu yake ikatetemeka. Alikuwa rafiki yake wa hospitali nyingine, anataka kujua kama ni kweli mashine imefika. Daktari akatoka nje, akaegemea ukuta wa ukumbini, akaisifia mashine kana kwamba aliitengeneza mwenyewe. Aliporudi, somo lilikuwa linafungwa na Maswali alikuwa bado kanyoosha mkono.

"Maswali, tuhurumie," Daktari alisema. "Watu wana njaa."

Wakacheka tena. Mama mkufunzi akamuuliza yeye, kama mkuu wa chumba, iwapo hili la mwisho amelipata. Akaitikia kwa kichwa. Ingekuwa kazi ndogo sana kusema hapana.

Baba mkwe wake alikuwa fundi cherehani, mtu wa suti, mwenye kibanda chake kwenye safu ya maduka ya barabarani. Mkono wake ulijulikana. Mtu akitoka kwake na koti, mabega yalikaa kama yalizaliwa nalo. Kibanda cha pili yake kilikuwa cha fundi mwingine aliyeitwa Mkasi, na kwa muda mrefu hawakuwa wakisemeshana, tangu Mkasi alipomnyang'anya kazi ya kushona nguo za harusi moja kubwa. Ukuta kati yao ulikuwa wa mbao nyembamba. Kila mmoja alisikia cherehani ya mwenzake kutwa nzima, na hakuna aliyesema habari za asubuhi.

Mzee akaanza kuumwa chini ya mbavu za kulia, maumivu ya chinichini yasiyomlaza wala kumwacha. Alipimwa kwa picha ya kawaida, kikaonekana kivimbe kwenye ini. Ni cha aina gani, picha haikusema. Ilibidi kipimwe kwa viputo.

Hapo Daktari angeweza kumwachia Maswali. Ingekuwa hata adabu, maana si jambo jepesi mkwe kumfunua shati baba wa mkewe na kumpaka gel tumboni. Mzee mwenyewe alikuwa akitazama dari kwa haya. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani, akamwambia muuguzi aliyekuja kuchoma sindano kwamba wao hawana wasiwasi, mwenye mashine ni mtoto wa nyumbani. Daktari akavuta kiti.

Viputo viliingia. Ini likaanza kung'aa, na kile kivimbe kikawaka pembezoni, vidoa vidoa. Daktari aliongeza nguvu ya mpigo ili picha iwe nzuri zaidi. Alikishikilia kifaa palepale, hakukisogeza wala hakupumzika, kwa kuwa alitaka mama mkwe naye aone. Akamwonyesha kwa kidole. Na walipokuwa wakitazama hivyo, kivimbe kikaanza kufifia, kikazimika, kikawa tundu jeusi katikati ya ini linalong'aa. Alilikumbuka hilo kutoka mafunzoni. Kinachowaka kisha kikazimika mapema wakati ini bado linang'aa, ni dalili mbaya.

Bingwa wa kusoma picha alikuwa likizo. Utaratibu ulikuwa wazi: majibu yamsubiri. Lakini Mzee aliketi kitandani akifunga vifungo, akamuuliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemwamini anayemuuliza. Daktari hakusema "tumsubiri Bingwa". Aliweka mkono begani mwa Mzee, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Baba, hiki si kitu kizuri."

Mzee alifunga kifungo cha mwisho, kisha akakifungua, akakifunga tena.

Walishauriana nyumbani. Mkewe Daktari alitaka baba yake apelekwe hospitali kubwa achukuliwe kinyama cha ini kwa sindano, na Daktari mwenyewe aliunga mkono, ingawa kwa ulegevu. Mzee akakataa. Hakuona sababu ya kwenda kutobolewa na watu asiowajua wakati mtu wake mwenyewe ameshaona kwa macho. Imani ile Daktari aliipokea kama sifa, akanyamaza.

Basi Mzee akaanza kufa. Chakula kikamshinda. Akakonda kwa haraka iliyomtisha kila mtu, na waliokuja kumjulia hali walitoka nje wakitikisa vichwa, maana ugonjwa ulikuwa unaonekana waziwazi. Suruali zikampwaya. Yeye mwenyewe akakaa na sindano akizipunguza kiunoni, moja baada ya nyingine, na mkewe akawa anamtazama kutoka mlangoni.

Siku hizo kazini kulikuwa na kikao cha idara, na kila chumba kilitakiwa kuonyesha kazi yake. Daktari alichagua picha za viputo za baba mkwe, bila kumtaja. Akazicheza ukutani, akaeleza vizuri sana jinsi kivimbe kilivyowaka na kilivyozimika. Madaktari wachanga wakaandika. Maswali akainua mkono.

"Mkuu, ile namba ya nguvu pale pembeni, mbona iko juu hivyo?"

Daktari aliitazama namba. Ilikuwa pale tangu mwanzo, nyeupe, kwenye kona ya picha, na hakuwahi kuitia maanani. Akasema ni hitilafu ya maandishi, mashine wakati mwingine huonyesha namba isiyo yake. Alisema bila kigugumizi. Wakaendelea na chumba kingine, na yeye akakaa.

Maswali alimfuata baadaye wakiwa wawili chumbani. Hakupandisha sauti. Alieleza kama mtu anayeuliza: si mama mkufunzi alisema viputo ni dhaifu, vikipigwa kwa nguvu vinapasuka? Na kwamba hata kwa mpigo mpole, ukikodolea mahali pamoja muda wote utavimaliza? Ini linapitisha damu haraka, viputo vikipasuka vinakuja vingine, ndiyo maana linabaki linang'aa. Lakini kama kivimbe ni fundo tu la mishipa, damu yake inatembea polepole mno, vikipasuka hakuna vya kuziba pengo. Kitazimika. Kitaonekana kama saratani, kumbe mpimaji ndiye aliyekizima.

"Mafundo hayo wanayo watu wengi," Maswali alisema. "Wanazeeka nayo. Huyu mgonjwa anaweza kupimwa upya?"

Daktari alimwambia ataangalia. Maswali alipotoka, alifunga mlango, akafungua mwongozo walioachiwa na mkufunzi, akasoma ukurasa wa nguvu ya mpigo. Punguza nguvu. Tazama kidogo, simamisha, acha damu ilete viputo vingine, tazama tena. Yalikuwa maneno mepesi ambayo mtu yeyote angeyaelewa. Alisoma mara mbili, na kitu cha kwanza alichokifikiria hakikuwa Mzee. Alifikiria uso wa mama mkwe akiambiwa. Aibu ya hilo, kwamba ndilo lililotangulia, ilimjia hapohapo, lakini haikumwinua kitini.

Alijiambia ataenda kusema siku ya mapumziko. Alipofika ukweni, alimkuta Mzee amevaa vizuri, ameketi uani, anamsubiri. Alikuwa ameamua kumaliza mambo yake. Alikwisha kwenda kwa Mkasi, wakazungumza, wakasameheana, wakalia kidogo kama watoto. Wateja wake wote amemwachia Mkasi. Na cherehani, ile nyeusi ya chuma aliyoanza nayo maisha, anampa Mkasi huyohuyo, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua thamani yake. Kilichobaki ni kuibeba.

"Nilikuwa nakungoja wewe," Mzee alisema. "Sitaki ibebwe na mtu wa kukodi."

Daktari alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamepangwa, aliyapanga njiani. Lakini Mzee alikuwa ameshainama upande mmoja wa cherehani, mikono yake imekonda, na asingeweza kumwacha ainue peke yake. Akainama upande wa pili. Wakaibeba hadi kibanda cha Mkasi, wakipumzika mara kwa mara, na kila walipopumzika Daktari alijiambia ni sasa. Mkasi aliwapokea kwa heshima ya msibani. Alikuwa ameshaitengea mahali karibu na dirisha. Mzee alilizungusha gurudumu lake mara moja, taratibu, akaisikiliza, akatoka.

Wakati wa kurudi alimshika mkwe wake mkono.

"Niambie kweli, Daktari. Mwishoni kunauma sana?"

"Hapana, Baba," Daktari alisema. "Hutaumia."

Hilo ndilo alilolibeba nyumbani. Hakula. Mkewe alidhani ni huzuni, akamhurumia, akamwambia asijilaumu, amefanya yote awezayo kwa baba yake. Akaenda jikoni, na Daktari akamsikia analia huku maji ya bomba yakitiririka ili asisikike.

Kesho yake alimwendea Maswali, akamwambia mgonjwa ni nani. Binti akasema atapima, ila kwa sharti moja.

"Majibu utayasema wewe, Mkuu. Na utayasema yote."

Akakubali. Ukweni alisema tu kwamba mashine inataka kulinganisha picha ya sasa na ya mwanzo. Mzee, ambaye sasa alikuwa hakatai wala hakubali kitu, alikuja.

Maswali alimlaza, akapunguza nguvu hadi picha ikawa ya kufifia, si ya kupendeza hata kidogo. Viputo vikaingia. Alitazama kidogo, akasimamisha, akainua mkono. Akatazama tena. Kivimbe kilikuwa kimewaka pembezoni, vidoa vidoa kama siku ile, ila sasa vidoa vilikuwa vinakua, vinaungana, vinajaza kuelekea kati, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa. Hakuna kilichozimika. Mwisho wake kivimbe kizima kikang'aa pamoja na ini, mtu asingejua kipo. Lilikuwa fundo la mishipa. Daktari alilitambua kabla Maswali hajamgeukia.

"Kimekuwaje?" mama mkwe aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

Maswali alimtazama Daktari, akangoja.

"Mama," Daktari alisema. "Kile tulichokiogopa hakipo."

Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli. Mama mkwe aliteleza kutoka kitini, akapiga magoti palepale sakafuni kwenye karatasi zilizolowa gel, akashukuru kwa sauti, na katika shukrani zake alimtaja Daktari, mikono ya Daktari, na dawa ya viputo. Daktari alisikia vizuri neno dawa. Mzee alikuwa amelala vilevile na shati limefunuliwa, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni. Maswali akachukua karatasi, akaanza kukifuta kifaa. Alikifuta muda mrefu kuliko kilivyohitaji, kisha akatoka bila kumtazama mtu.

Bingwa aliporudi kutoka likizo alizisoma picha za Maswali, akathibitisha ni fundo la mishipa, akatia saini. Za kwanza hazikumfikia, Daktari hakuzituma. Kila asubuhi alimkuta Maswali akitandika kitanda, wakasalimiana, na binti hakuuliza kitu. Kwa mara ya kwanza Daktari alitamani aulize.

Ukweni hakukuwa na kimya. Mzee alianza kula, akanenepa, akashonea upya viuno vya suruali zake, safari hii kwa mkono, maana cherehani hakuwa nayo. Mama mkwe akaalika ndugu na majirani kwa chai ya shukrani. Daktari alitafuta zamu ya kumwokoa, akaikosa. Mkewe alimnyooshea shati.

Waliwekwa viti uani. Mzee alisimama, na kwa kuwa si mtu wa maneno mengi alisema machache, kwamba alikwisha kuaga, na kwamba aliyemrudisha ni huyu hapa. Akamwita mwanangu. Watu wakageuza viti kumtazama. Mkasi naye alikuwepo, anaitikia kwa kichwa, na Daktari hakujua aweke wapi mikono yake. Alikishika kikombe.

Ndipo mama mmoja akanyanyuka, muuza vitambaa ambaye ndiye aliyekuwa akimuuzia Mzee bitana na vifungo. Alisema ana dada yake, ana uvimbe titini, hospitali wamempangia upasuaji wiki inayokuja na wanamharakisha. Lakini aliposikia habari za viputo, amempigia simu asubuhi hii amwambie asiende. Aje kwanza kwa Daktari, apewe viputo viwili vitatu, kisu kisubiri.

"Nimemwambia wewe ni mtu wa nyumbani," mama muuza vitambaa alisema. "Hutatukataa."

Daktari aliweka kikombe chini. Kilikosa kisahani, kikamwagika, na mama mkwe akainuka kutafuta kitambaa.

"Mama, mpigie dada yako sasa hivi," alisema. "Mwambie aende akapasuliwe. Asichelewe hata siku moja."

Mama yule akacheka kidogo, akidhani ni unyenyekevu.

"Viputo si dawa," Daktari aliendelea. "Havimponyi mtu. Ni vya kuonea tu, kama taa. Baba hakupona, kwa sababu hakuwa na ugonjwa ule. Hajawahi kuwa nao. Mimi nilipima vibaya, nikasema kabla ya kusubiri mwenye kusema. Mwenzangu ndiye aliyepima sawasawa. Na mimi si daktari."

Mama mkwe alibaki ameinama na kitambaa mkononi. Mkewe Daktari alikuwa mlangoni na birika, na chai ilikuwa inatiririka kutoka mdomoni mwa birika ikidondoka sakafuni, bila yeye kujua.

Mzee ndiye aliyeuliza. Hakuuliza kwa hasira.

"Ulijua lini?"

Hilo ndilo swali ambalo Daktari aliomba lisije. Angeweza kusema alijua siku ya kipimo cha pili, na watu wote pale wangemsamehe kwa nusu.

"Siku tuliyobeba cherehani, Baba, nilikuwa najua."

Mzee aliitazama mikono yake. Akaikunja, akaikunjua. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango wa chumbani polepole, bila kuupigiza, na ingekuwa afadhali angeupigiza. Mama muuza vitambaa alikuwa ameshatoka barabarani, simu sikioni, anapaza sauti kwa dada yake. Wageni wakamaliza chai harakaharaka. Mama mkwe alizunguka akikusanya vikombe, alipofika kwa Daktari akakichukua chake na chai iliyobaki, akapita.

Njiani kurudi mkewe alitangulia. Daktari alimfuata nyuma kama mtu aliyetumwa. Walipofika karibu na nyumba ndipo alipogeuka.

"Ulinisikia nikilia jikoni," alisema. "Ulikuwa umekaa pale, unanisikia."

Mkewe hakungoja jibu.

Kazini alikwenda kwa Bingwa mwenyewe, akamweleza yote, na picha za kwanza akamwonyesha. Bingwa hakumfokea. Aliuliza kama kuna wagonjwa wengine waliopimwa kwa nguvu ile, wakawatafuta wote, wakaitwa, Maswali akawapima upya mmoja mmoja, na Daktari akasimama nyuma yake akiandika. Alikuwa na bahati, hakuna mwingine aliyekuwa ameambiwa jambo baya. Ukuu wa chumba alivuliwa, akapewa Maswali. Wauguzi walijaribu kumwita binti Mkuu, likawapa tabu, wakarudi kwenye Maswali, ila sasa walilitamka kwa namna nyingine. Viputo Daktari hakuruhusiwa kuvigusa mpaka afundishwe upya, na wa kumfundisha alikuwa ni binti huyohuyo. Aliuliza kila alichokuwa hakijui. Kilikuwa kingi kuliko alivyodhani, na kila swali lilimtoka kwa shida, kama kutoa mwiba.

Ukweni jina la Daktari lilikoma siku ileile. Halikupatikana la kuweka mahali pake. Shemeji zake walianza sentensi bila kumwita, na mama mkwe, akitaka apishwe, alisema tu "samahani" kama anavyomwambia mpita njia. Mkewe alianza kuzungumza naye tena, mambo ya nyumba kwanza, chumvi imekwisha, bomba linavuja. Mengine yalichukua muda, na yapo ambayo hayakurudi.

Mzee hakuwa na uso wa kwenda kudai cherehani. Alikwisha kuitoa mbele ya watu, na machozi juu. Alishinda nyumbani akishona vifungo vya majirani. Siku moja Mkasi alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akasema ile cherehani inamsumbua, haimwelewi hata kidogo, inakata nyuzi kwa makusudi. Basi Mzee aje aiendeshe mwenyewe. Lakini kuibeba tena hawaibebi, mgongo wake hauna nguvu hizo, kwa hiyo aje palepale dukani. Mzee akaenda. Baada ya muda wakabomoa ukuta wa mbao, kikawa kibanda kimoja kikubwa, na waliokuwa wakipita barabarani walisikia wazee wawili wakibishana juu ya pindo siku nzima.

Mwaka ulipozunguka, Bingwa alitaka Mzee atazamwe tena, ili kuhakikisha fundo halijabadilika. Alikuja peke yake, ndani ya koti zuri la kijivu alilojishonea, limemkaa vyema. Mkwe wake ndiye aliyekuwa mlangoni akiita wagonjwa. Aliposoma jina kwenye kadi, aliinua macho.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Yule binti yupo?"

"Yupo, Baba."

"Nimwone yeye."

Daktari alikwenda kumwita. Maswali alikuja, akamkaribisha Mzee ndani, akamsaidia kupanda kitandani. Kisha akasita, akageuka kumtazama Daktari aliyebaki ukumbini, akamwambia Mzee kwamba huyu bado anajifunza viputo, na kwamba angepaswa kuwepo atazame, lakini ikiwa Mzee hapendi, basi.

Mzee akavua koti, akatafuta pa kuliweka, hakupaona. Akalinyoosha kuelekea mlangoni.

"Aingie," alisema. "Anishikie hili. Ila kifaa asikiguse."

Daktari aliingia, akalipokea koti kwa mikono miwili, akasimama kwenye kona karibu na pazia. Maswali akapunguza nguvu, na wote watatu wakaikazia macho skrini, wakisubiri viputo.